Nijichore nikiwa na kovu au bila kovu?

Mchoraji wa Ujiji aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi hapa Ujiji na kazi zangu nyingi ni picha za watu, zile ambazo mtazamaji humtambua mhusika mara moja. Miaka kadhaa iliyopita niliungua kwa mafuta ya taa, na shavu langu la kushoto limebaki na kovu linaloteremka hadi shingoni. Sasa nimeanza kujichora kwa rangi za mafuta, na mama anataka nichore sura niliyokuwa nayo kabla ya ajali, kwa kuwa anasema huyo ndiye mwanawe. Mimi nikitazama kioo namwona mtu ambaye bado sijamzoea, na ndiye ninayetaka kumchora, ingawa nahofia kwamba kulikodolea macho kovu kwa muda mrefu kutanitonesha. Je, waliopitia hali hii, kuchora kuliwasaidia?

Fundi Brashi, Tabora:
Dada yangu, mchore huyo unayemwona, kwa sababu sura ya zamani utalazimika kuitoa kwenye picha ya kamera, na kamera ilikwisha kuamua mengi kabla yako. Kaa karibu na dirisha ili mwanga utoke upande mmoja, kisha ulichunguze kovu: ngozi iliyoungua mara nyingi huwa nyororo kuliko ile inayoizunguka, kwa hiyo hung'aa zaidi na kuakisi buluu ya anga. Kwenye vivuli usitumie nyeusi ya kwenye tyubu. Changanya kahawia iliyokolea na buluu, utapata giza lenye uhai. Kufikia hapo utakuwa unajiuliza rangi ipi ikae wapi, na binafsi naamini nafuu huanzia kwenye swali dogo kama hilo. Kumbuka pia kwamba ukifuata kioo, kovu litakaa kushoto mwa picha, na mama atadhani limehamia shavu la kulia.

Mkazi wa Mwanga:
Katika mambo haya hutajwa sana Frida Kahlo wa Meksiko, aliyeumia katika ajali ya basi mwaka 1925 akiwa na miaka 18, akajichora akiwa kitandani kwa msaada wa kioo kilichofungwa juu yake. Tusimsimulie nusunusu, maana maumivu hayakumwacha, na mwaka 1944 alipojichora mwili umepasuka, na mahali pa uti wa mgongo pana nguzo iliyovunjika, hakuwa akinakili kioo. Unachokitaka wewe kiko karibu zaidi na Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, ambaye hadi mwaka 1669, mwaka aliofariki, alijichora mzee, mashavu yamelegea, bila kujipamba. Sidhani kwamba picha ziliwaponya hao wawili. Ziliwapa nafasi ya kusema wenyewe wao ni nani, kabla watu hawajawasemea. Hata hivyo, ukiona usingizi unakupotea au ajali inakurudia kila ukishika brashi, ifunike kazi na umwone mshauri nasaha hospitalini.

Mchoraji wa Ujiji:
Nawashukuru sana. Nitapanga vioo viwili kwa pembe ili kovu libaki upande wake, na nitafanya kazi asubuhi, mwanga ukiwa bado haujawa mkali. Mama nimemwahidi picha ya sura ya zamani, lakini baada ya hii kukauka.