Sauti ya kumsimamisha kulungu anayetembea: itolewe lini, na iwe ya namna gani?

Mpiga_Upote: Wakuu, heshima kwenu. Swali ni kwa wanaowinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde huku Marekani. Upinde ni wa kapi (wenye magurudumu madogo kwenye ncha), uzito wa kuvuta ratili 60, mshale unatoka kwa futi 270 kwa sekunde. Ulingo uko mtini, futi 18 kutoka chini. Njia yao inapita yadi 22, lakini mwanya wa kupigia hauzidi mita moja na nusu, na dume akiwa na haraka anaukata mara moja tu keshapotea. Nasikia watu hutoa sauti mdomoni akasimama. Ni sauti gani hasa, kabla ya kuvuta au baada? Mbona wengine husimama na wengine hutimua mbio? Na kuna ubaya gani kumpiga akitembea?

MzeeWaUlingo: Nianze na la mwisho, maana ndilo linaloeleza mengine. Yadi 22 ni mita 20. Kwa mwendo huo mshale wako unachukua robo ya sekunde kufika. Kulungu anayetembea taratibu huenda mita moja na kitu kwa sekunde, kwa hiyo chembe kikifika ameshasogea karibu sentimita 30. Umelenga nyuma ya bega, umepiga tumbo, na kulungu wa tumbo hutoa damu kidogo, huenda mbali, na wengi hawapatikani.

Sasa utaratibu. Vuta kwanza, sauti baadaye. Ukimsimamisha kabla hujavuta, anainua kichwa na kutazama palepale sauti ilipotoka, na kitu cha kwanza atakachokiona ni kiwiko chako kikirudi nyuma. Vuta upote wakati kichwa chake kiko nyuma ya mti mnene. Kama kapi zako zinapunguza uzito kwa asilimia 80 ukishavuta hadi mwisho, zimebaki ratili 12 mkononi, unaweza kumsubiri. Pini ya kulengea itulie ndani ya mwanya kabla hajafika. Mwache yeye aingie kwenye pini, usimfukuze nayo.

Sauti yenyewe ni "mee" fupi ya kooni, nusu sekunde hivi. Midomo ifunguke kidogo tu. Mkono wa kifyatulio (kidude cha kuachia upote) umeegemea kwenye taya, kwa hiyo ukiachama, taya linashuka na mkono nao, na jicho linatoka kwenye tundu la upote, kile kipete cha kuchungulia unapolenga. Mshale huo hauendi unakotaka. Fanya mazoezi nyumbani ukiwa umevuta, uhakikishe pini haichezi unapotoa sauti.

Anza na sauti ya kumsemesha mtu aliye ng'ambo ya meza. Asiposikia, rudia palepale kwa nguvu zaidi. Ya tatu iwe ya kupaza, na akiipuuza hiyo mwache apite. Mara nyingi kisa si ukaidi: anakanyaga majani makavu ya mwaloni na kelele za kwato zake zimemziba masikio, au upepo unavuma, au umefunika mdomo kwa barakoa nzito. Hasimami papo hapo pia, anamalizia hatua. Kwa mwanya wako, itoe bega linapoanza kutokeza. Ukingoja mwili wote uwe wazi, atasimama ubavu umeshaingia nyuma ya mti wa pili.

KakaPori: Hiyo "mee" ni ya mnyama anayetembea. Novemba, dume akiwa anakimbiza jike, usijisumbue nayo. Piga mluzi mmoja mkali au mwite kwa sauti kubwa kabisa. Ila ujue atasimama amekakamaa, tayari kuruka. Na akiwa chini ya yadi 15, anatembea polepole huku akila, nyamaza. Atasimama mwenyewe. Sauti isiyohitajika inamzindua bure.

BiNyuta: Hapo kwenye kukakamaa ndipo penye kesi, na sikubaliani na wanaoishia kwenye "akisimama, achia". Kulungu aliyesimamishwa hajatulia, anasikiliza. Mlio wa upote huenda mita 340 hivi kwa sekunde, wa kwako utamfikia yadi 22 kwa sekunde 0.06, wakati mshale unahitaji 0.25. Anabakiwa na karibu sekunde 0.19. Hakwepi mshale, wala hauoni. Anakunja miguu apate nguvu ya kuruka, na kifua kinashuka wakati chembe kiko njiani. Ndiyo maana mishale mingi ya kulungu waliosimamishwa hupita juu ya mgongo.

Lenga theluthi ya chini ya kifua. Asiposhuka unapata moyo, akishuka unapata mapafu. Kwa yadi 40 anapata theluthi nzima ya sekunde, na hapo hakuna kulenga chini kunakosaidia. Zaidi ya yadi 30 mimi simsimamishi kwa sauti kabisa. Wenye pinde za mtambo, zile za kufyatua kama bunduki, za futi 400 kwa sekunde wasijidanganye, sauti huenda zaidi ya futi 1,100 kwa sekunde. Kinachosaidia ni ukimya: vidude vya mpira vya kuzima mlio kwenye upote, skrubu zote zimekazwa, mshale mzito wa greni 450 (gramu 29 hivi) au zaidi.

Mtazame pia. Shingo imenyooka, masikio yote kwako, anagonga kwato la mbele: usiachie. Akichezesha mkia mara moja, amelegea na anakaribia kuondoka. Hiyo ndiyo nafasi. Majike wazee ni wepesi kuruka kuliko madume.

Mpiga_Upote: Nimewaelewa. Na akisimama nyuma ya mti kabla ya mwanya? Halafu simu yenye sauti zilizorekodiwa inafaa?

MzeeWaUlingo: Akisimama nyuma ya mti, kaa kimya huku umevuta. Sauti ya pili wakati anatafuta ya kwanza inamwonyesha ulipo. Akianza tena kutembea, itoe kwa upole zaidi. Mkono ukichoka, rudisha upote taratibu kichwa chake kikiwa bado kimefichika. Simu achana nayo: baadhi ya majimbo yanakataza sauti za kielektroniki kwa kulungu, soma kanuni za jimbo lako, na hata hivyo utaishikia wapi umevuta upinde? Dawa ya kudumu ni gogo la unene wa paja, lilazwe kukatiza njia katikati ya mwanya. Akifika hapo hupunguza mwendo kabla ya kulivuka. Liweke Julai au Agosti, wapate muda wa kulizoea.