Kugawa namba za wateja na miadi kwa timu ya mauzo: Google Sheets, Calendly, CRM au Chatwoot?

MamaViwanja (Dar es Salaam)

Habari za muda huu wakuu. Nasimamia maafisa mauzo 6 kwenye kampuni ya viwanja, miradi yetu iko Kigamboni, Kibaha na Mapinga. Naomba tulinganishe njia za kugawa wateja, maana hii tunayotumia imetufikisha pabaya.

Utaratibu wetu ni huu: namba ikiingia kutoka kwenye tangazo la Instagram au Facebook, naitupa kwenye grupu la WhatsApp la timu. Wa kwanza kuandika "yangu" anaichukua. Tulipokuwa watatu haikuwa na shida. Mwezi uliopita nilikaa usiku mmoja nikapitia grupu lote nikihesabu kwa kalamu. Namba 214. Mmoja kachukua 71, wa pili 58, halafu 34, 26, 16, na wa mwisho 9. Huyu wa 9 ndiye anayepeleka wateja saiti Mapinga kuliko wote. Kule ndani mtandao unakata. Akirudi barabarani simu inaanza kulia mfululizo, anafungua grupu anakuta "yangu, yangu, yangu" imejaa mpaka chini. Mshahara wa msingi ni mdogo, kinacholisha watu ni kamisheni. Siwezi kumwangalia usoni nikamwambia ajitahidi.

Halafu kuna mama mmoja aliyetutafuta kutoka Muscat. Maafisa wawili walimpigia ndani ya dakika kumi, mmoja akamtajia bei ya fedha taslimu, mwingine bei ya awamu. Akaamini sisi ni matapeli. Hakupokea tena simu zetu.

Nahitaji namba zijigawe zenyewe bila mkono wangu, miadi ya saiti na ya video igawanyike kwa haki, na kila mtu aweze kuona nani kapata nini. Bajeti ni ndogo. Nimesikia Google Sheets, Calendly (ya kupanga miadi), HubSpot (ni CRM, yaani programu ya kutunza taarifa za wateja) na Chatwoot (ya kupokea jumbe za wateja). Aliyetumia aseme.

fundi_wa_shiti

Pole dada. Kwa bajeti yako anza na Google Sheets, ila nikupe tahadhari kwanza, maana wengi hujikwaa palepale.

Utashauriwa fomula hii: =INDEX(Timu!$A$2:$A$7, MOD(ROW()-2, 6)+1). Inachukua namba ya mstari, inaigawa kwa 6, na kinachobaki ndicho kinachosema zamu ya nani. Mstari wa 2 ni wa afisa wa kwanza, wa 3 ni wa pili, ukifika wa 8 zamu inarudi mwanzo. Siku ya kwanza inapendeza sana. Shida inakuja siku mtu anapofuta mstari mmoja uliojirudia: majina yote ya chini yanasogea. Mteja wa dada anakuwa wa kaka bila mtu yeyote kugusa jina. Ukiajiri mtu wa saba ukabadilisha 6 kuwa 7, historia ya mwezi mzima inajiandika upya. Nimeitwa kwenye ofisi moja wakati watu wanadaiana kamisheni za wiki tatu, na kila mmoja ana picha ya skrini inayomtetea. Wote walikuwa wanasema kweli.

Jina liandikwe na Apps Script (skripti, yaani programu ndogo unayoiandika ndani ya Google Sheets) kama maandishi, siyo kama fomula. Fomu ikijazwa, skripti inasoma nani alipewa mwisho, inamruka asiyekuwepo kazini, inaandika jina na saa, inatuma barua pepe. Usisahau LockService, kufuli inayoruhusu fomu moja kwa wakati. Bila hiyo, fomu mbili zikiingia kwa pamoja zote zinasoma zamu ileile, na mtu mmoja anaondoka na wateja wawili.

Jambo dogo lingine: majibu ya fomu za matangazo ya Facebook unaweza kuyapakua kwa siku 90 tu. Usiyaache kule.

mteja_muscat

Mimi si muuzaji, ni mnunuzi, niko huku Oman miaka kadhaa. Ninayemtumia pesa simuoni, kwa hiyo nataka sauti moja tangu mwanzo hadi hati. Nikipigiwa na wawili wa kampuni moja, nafunga mazungumzo. Huyo mama wa Muscat namwelewa kabisa.

kalenda_ya_pwani (Zanzibar)

Kwa upande wa miadi, sisi tunatumia Calendly kwa ziara na simu za video. Kugawa miadi kwa zamu kunahitaji mpango wa kulipia wa timu, tena kwa kila mtumiaji, hilo ulijue mapema.

Kuna namna mbili za kugawa na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ya kwanza inatanguliza nafasi: mteja anaona kila saa ambayo hata mtu mmoja yuko wazi. Mteja anafurahi, lakini mwenye kalenda iliyo wazi zaidi anazoa. Ya pili inatanguliza usawa wa hesabu, na mteja anaona saa chache zaidi.

Tulianza na ya kwanza na ikatuumiza kimya kimya. Ndugu zetu wanaofunga kalenda Ijumaa kuanzia saa 6 mpaka saa 8 mchana kwa ajili ya swala walikuwa wanapungukiwa kila wiki. Kwenye viwanja ndugu Msabato ataumia zaidi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya wateja kwenda saiti. Hakuna aliyekusudia kumwonea. Mpangilio tu ulimhesabu kama mtu asiyetaka kazi. Tukahamia ya pili, na saa za ibada tukaziweka wazi kwenye utaratibu wa ofisi ili asiulizwe mtu.

Faida niliyoipenda ni saa. Calendly inasoma majira ya aliko mteja. Muscat wametutangulia saa moja. London wako nyuma yetu saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi, na hapo watu hupoteana sana. Ila ujumbe wa uthibitisho uandike mwenyewe: "saa 4 asubuhi, yaani 10:00". Tulishampata mteja aliyesoma 10:00 akaja saa kumi jioni, afisa alishaondoka zamani.

mkulima_wa_Rufiji

Nafuatilia uzi huu, ofisini kwetu ni yaleyale.

mauzo254 (Nairobi)

Nimefanya kazi na CRM tatu, wacha niseme kwa ufupi. HubSpot ina hatua ya kuzungusha namba kwa wauzaji ndani ya mtiririko wa kazi, lakini iko kwenye ngazi ya Professional, na hiyo bei si ya timu ya watu 6 wa viwanja. Zoho CRM ina kanuni za ugawaji zinazoweza kuzungusha zamu, na kwa timu ndogo ndiyo ningeiangalia kwanza. Salesforce inakubali kanuni moja tu ya ugawaji iwe hai kwa wakati mmoja, na haina zamu ya moja kwa moja: watu huweka namba inayojiongeza kwa kila mteja kisha wanatumia MOD, hesabu ileile ya fundi hapo juu, isipokuwa pale namba haisogei. Odoo wamefanya tofauti, unamwekea kila muuzaji kiwango anachoweza kubeba kwa siku 30, naye anagawiwa kulingana nacho. Hilo linafaa kama una watu wa nusu siku.

Lakini mimi ningeanza na muda kabla ya programu. Mwaka 2011 Harvard Business Review walichapisha utafiti wa kampuni 2,241 za Marekani. Katika utafiti mwingine wa waandishi haohao, kampuni zilizomtafuta mteja ndani ya saa moja zilikuwa na nafasi karibu mara 7 ya kumpata kwa mazungumzo ya maana, ukilinganisha na zilizochelewa hata saa moja zaidi. Na kati ya zile 2,241, asilimia 23 hazikujibu kabisa. Kwa hiyo zamu yoyote utakayoweka, iwe na ukomo. Sisi ni dakika 20 za saa za kazi; usipopiga, namba inaenda kwa anayefuata.

mzee_wa_soko

Mauzo254, nakuheshimu, lakini dakika 20 zako zitamrudisha yule kijana wa Mapinga kwenye 9. Yuko saiti na mteja, mtandao hakuna, dakika zinaisha, namba inaondoka. Ni grupu lilelile kwa jina jipya.

Nimeuza vitu miaka mingi na nimekuwa kiongozi wa wauzaji. Kijiwe cha bodaboda cha hapa mtaani kwangu kina foleni, na kanuni zake nazipenda. Abiria wa mbele ni wako, awe wa mbali au wa karibu, na zamu yako imekwisha. Lakini abiria akighairi kabla hujawasha pikipiki, hurudi nyuma ya foleni. Unabaki mbele. Na aliyekwenda kumpeleka mtu hospitali alfajiri hapotezi nafasi yake.

Dada, hamishia hayo kwako. Namba isiyopatikana siku mbili, au ya mtu aliyebonyeza tangazo kwa bahati mbaya, irudishwe, na afisa apewe nyingine kabla ya zamu kuendelea. Aliyeko saiti awekwe "saiti": zamu inamruka, lakini inamkumbuka akirudi. Anayelipwa kwa kamisheni asiadhibiwe kwa kufanya kazi.

Tena hesabu ya namba peke yake itakudanganya. Namba ishirini za watu waliouliza "bei gani?" chini ya picha si sawa na namba moja ya aliyetumwa na ndugu yake aliyeshanunua. Tenga foleni. Ya matangazo iwe yake, ya walio nje ya nchi iwe yake, ya wanaoingia ofisini kwa miguu iwe yake. Na mteja aliyeletwa na mteja wa zamani asiingie kwenye foleni yoyote. Aende kwa afisa aliyemhudumia yule wa kwanza. Uaminifu ule aliujenga yeye.

fundi_wa_shiti

Mzee umenena. Niongeze hapo kwenye mteja wa zamani: skripti itafute kwanza kama namba ipo. Mtu mmoja anaweza kuandikwa 0712, +255712 na 255 712 yenye nafasi katikati, na mashine ikaona watu watatu. Ondoa alama na nafasi zote, kisha linganisha tarakimu 9 za mwisho kwa namba za Tanzania. Nahisi huyo mama wa Muscat alijaza fomu na pia akatuma ujumbe Instagram, ndiyo maana akapigiwa mara mbili.

MamaViwanja

Fundi, nimeangalia sasa hivi. Ni kweli. Alikuja njia zote mbili siku ileile.

seva_ya_nyumbani (Arusha)

Kama wateja wengi wanaanzia WhatsApp, Chatwoot ni programu huria, unaiweka kwenye seva yako. Mazungumzo yanaingia kwenye kikasha kimoja na yanagawiwa kwa zamu kwa maafisa walio hewani. Programu ya WhatsApp Business ya kawaida inaunganisha vifaa 4 na simu kuu, lakini haigawi chochote, kila mtu anaona kila kitu.

Mambo mawili ya kujiandaa nayo. Chatwoot inatumia API ya WhatsApp (njia ya kuiunganisha na programu nyingine), na kule mteja akikaa saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho huwezi kumwandikia unavyotaka, unatuma kiolezo, yaani ujumbe ulioandaliwa mapema na kuidhinishwa na Meta, wenye WhatsApp. Kwa hiyo afisa akilalia mazungumzo, kampuni inalipia. Pia "aliye hewani" maana yake ni mwenye mtandao, kwa hiyo suala la Mapinga bado lipo.

Na hilo grupu lifungeni mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Namba ya mteja kukaa kwenye simu binafsi sita, zikiwemo za waliokwishaacha kazi, si jambo la kuliacha hivyo.

MamaViwanja (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi wengine kwa ujumbe wa faragha.

Grupu nimelifunga. Namba zinagawiwa na Google Sheets na skripti ya fundi, foleni tatu kama alivyosema mzee. Calendly nimelipia kwa wawili tu wanaohudumia walio nje ya nchi, kwa namna ya usawa. Chatwoot tumeiacha kwa sasa, hatuna wa kuangalia seva. Ukomo wa muda nimeuweka dakika 30, ila ukiwa umejiweka "saiti" haukuhusu: zamu inakuruka kisha inakufidia. Kwa fidia hiyo fundi alibadilisha skripti, sasa inampa aliye na namba chache zaidi kati ya waliopo.

Namba 148 mpaka jana: 26, 25, 25, 25, 24, 23. Kijana wa Mapinga ana 25. Juzi alikaa mezani kwangu akasogeza shiti kwa kidole, mstari kwa mstari, akilitafuta jina lake. Hakusema kitu, akatabasamu akaenda kupiga simu.

Swali moja limebaki. Jumatatu anaanza afisa wa saba. Ana 0, wenzake wana 25. Skripti itamwaga zote kwake?

fundi_wa_shiti

Ndiyo, itamwaga, tena wateja wote wa siku tatu nne za mwanzo wataangukia kwa mtu asiyejua hata njia ya saiti. Kwenye safu ya hesabu muanzishie 25 kama wenzake, na pembeni andika "wastani wa kuanzia" ili kamisheni isije ikasoma kana kwamba alipewa wateja hao. Usifanye leo, namba zitaongezeka mwishoni mwa wiki. Chukua wastani wa Jumatatu asubuhi kabla ya fomu ya kwanza kuingia.