Naomba ushauri: kumtaja mwandishi niliyemkuta ndani ya kitabu cha mwingine

Habari zenu ndugu wanachama. Naandika tasnifu ya shahada ya kwanza, na tumeagizwa tufuate mtindo wa APA (utaratibu wa kutaja vyanzo na kupanga marejeo), toleo la 7. Nukuu za moja kwa moja hazinisumbui: jina, mwaka, ukurasa, na zikifika maneno 40 nazitenga kwenye aya yake bila alama za kunukuu.

Ninapokwama ni hoja ya mwandishi wa 1978 niliyoikuta imeelezwa ndani ya kitabu cha 2015. Hicho cha 1978 nimekitafuta maktaba na mtandaoni, sijakipata. Wenzangu wanasema nimtaje huyo wa 1978 tu, yaishe. Mimi naona huko ni kudai nimesoma nisichokisoma, na sitaki kabisa.

Pia kuna aya niliyoiandika upya kwa maneno yangu, ila mpangilio wa hoja umebaki uleule wa mwandishi, hatua kwa hatua. Jina lake nimeliweka mwishoni.

Je, kwenye marejeo niorodheshe vitabu vyote viwili au kile nilichokisoma tu? Na hiyo aya, kumtaja mara moja kunatosha, au bado itahesabika wizi wa kitaaluma?

Natanguliza shukrani.