Naomba ushauri: nusu marathoni ya Kilimanjaro, marafiki wanne wenye kasi tofauti

Mkazi wa Tabata aliandika:

Wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mimi na wenzangu watatu, ambao hukimbia pamoja kila Jumamosi asubuhi, tumejiandikisha kukimbia kilomita 21 katika mbio za Kilimanjaro kule Moshi. Ni mara yetu ya kwanza kushiriki mbio zenye mlima. Sote tunaishi Dar es Salaam, na mazoezi yetu tumeyafanya katika barabara tambarare za pwani, kuanzia Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite na kurudi. Umbali wenyewe hautupi hofu. Kinachotutia hofu ni kwamba, kwa jinsi tulivyoelezwa, njia ya nusu marathoni hupanda kuelekea Mweka kwa karibu nusu yote ya kwanza, kisha hugeuka na kushuka hadi uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika.

Jambo la pili ni la urafiki zaidi kuliko la miguu. Tuliahidiana kwamba tutaanza pamoja na kumaliza pamoja. Hata hivyo, mmoja wetu amekulia Lushoto na mlima kwake ni kama sebuleni, wawili tunalingana, wa nne, ambaye ndiye aliyetushawishi sote kujiandikisha, huanza kuhema hata akipanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Je, ahadi yetu inatekelezeka? Na je, mtu wa Dar afanye wapi mazoezi ya mlima kabla ya Februari? Tumebakiwa na takriban miezi miwili.

Mama wa Kiborloni alijibu:

Karibuni Moshi, wanangu. Mimi ni mwenyeji na barabara hiyo naifahamu vizuri. Mkiambiwa kuna mlima, msifikirie ukuta. Ni mpando wa taratibu unaopita kwenye migomba na kahawa, na ubaya wake ni kwamba haukomi. Mtu hutazama mbele akaona barabara kama imenyooka, akashangaa kwa nini miguu imekuwa mizito. Akigeuka nyuma ndipo anapoona mji ulivyobaki chini. Wageni wengi huharibu mbio zao hapa mjini kabla hata ya kuuanza mpando, kwa sababu ya ngoma, shangwe na watoto wanaowakimbilia pembeni.

Jihadharini pia na jua. Mwisho wa Februari ni kipindi cha joto kali kwetu, masika yakiwa bado. Wakati wa kupanda asubuhi mtafurahia hali ya hewa, lakini wakati wa kurudi jua litakuwa limeshachomoza sawasawa, na huko chini kuna joto kuliko huko juu mlikogeukia. Maji msiyaache vituoni kwa sababu tu mteremko unawapa raha.

Kocha wa Jioni alijibu:

Mleta mada, nitaanza na ahadi kwa sababu ndiyo itakayowagombanisha. Kukimbia bega kwa bega kwenye tambarare kunawezekana hata kama mmoja ana nguvu zaidi, kwa kuwa tofauti yenyewe ni ndogo. Mlimani tofauti hiyo hupanuka. Yule wa Lushoto akilazimishwa kupanda kwa mwendo usio wake atachoka kwa namna ya ajabu, na yule wa nne akijaribu kumfuata atamaliza akiba yake ya nguvu kabla ya kufika Mweka. Ushauri wangu ni kwamba kila mtu apande kwa pumzi yake, kisha mkutane mahali pa kugeukia na kushuka pamoja. Atakayetangulia asisimame tuli akisubiri, bali atembee taratibu pembeni ya barabara, anywe maji, na asiwazibie njia wengine.

Kipimo cha kupanda kisiwe dakika kwa kilomita. Saa itawatisha bure, kwa kuwa mwendo wa mlimani lazima upungue. Kipimo kiwe mazungumzo: ukiweza kutamka sentensi nzima bila kukatisha, uko sawa; ukibaki na neno moja moja, punguza, au tembea. Kutembea mahali penye mwinuko mkali si aibu. Katika mwinuko wa namna hiyo, anayetembea kwa hatua ndefu na anayekimbia kwa kujikongoja huachana kwa mita chache tu, lakini wa pili hufika juu akiwa hoi.

Sasa suala ambalo watu wa Dar hulipuuza, nalo ni kushuka. Wakati wa kupanda, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi kwa kujikunja. Wakati wa kushuka hufanya kazi huku ikinyooshwa, ikijaribu kuuzuia mwili usiporomoke. Kazi ya aina hiyo huichanachana misuli kwa kiwango kidogo kidogo, na ndiyo maana maumivu makali huja siku moja au mbili baadaye, mtu akashindwa hata kukaa kwenye kiti. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka. Zoezi moja tu la mteremko huikinga kwa wiki kadhaa dhidi ya madhara yaleyale, kwa hiyo msipande vilima kwa mguu kisha mkashuka kwa bodaboda, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu huko Pugu.

Kuhusu mahali, Dar si tambarare kama mnavyodhani. Vilima vya Goba vinatosha kabisa, barabara za kampasi ya Mlimani ni tulivu asubuhi, na kwa safari ndefu za Jumamosi nendeni Pugu kuelekea Kisarawe. Siku moja ya katikati ya wiki iwe ya kupanda na kushuka kilima kimoja mara kadhaa. Jumamosi iwe ya umbali katika njia yenye mabonde. Wiki mbili za mwisho punguzeni, na msifanye mteremko mkali wowote katika siku kumi za mwisho. Mnaposhuka, fupisheni hatua, zifuatane haraka, na mguu utue chini ya kiwiliwili badala ya kurushwa mbele kwa kisigino.

Mwana wa Iten alijibu:

Nakubaliana na Kocha, ila kwenye kushuka nitaongeza neno. Angalieni marathoni ya Boston, Marekani: zinaanzia Hopkinton na kuteremka kilomita nyingi za mwanzo, na watu hujiona wana mabawa. Vilima vya Newton, ambavyo havingemtisha mtu yeyote wa Bonde la Ufa, huwakuta karibu na kilomita ya 26 mapaja yakiwa yameshaharibiwa na ule mteremko. Nyinyi mmebahatika kwa sababu mlima wenu unatangulia. Lakini ndugu wa Lushoto aambiwe mapema kwamba mwepesi wa kupanda si lazima awe mwepesi wa kushuka.

Asiyependa Basi alijibu:

Fikeni Ijumaa. Mbio ni Jumapili, na basi kutoka Dar huchukua sehemu kubwa ya siku. Miguu iliyokunjwa kwenye kiti inahitaji Jumamosi nzima ya kunyooka. Na raba mpya zibaki nyumbani.

Mkazi wa Tabata aliandika:

Ninawashukuru sana, na shikamoo Mama. Nimewasomea wenzangu majibu haya, na yule wa nne ametuambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: anatumia dawa za presha. Anasema anajisikia vizuri, na amepanga kununua saa ya kupima mapigo ya moyo ili imwongoze. Je, inatosha?

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Haitoshi, na amwone daktari wake kabla ya zoezi la kwanza la mlima, akiwa na majina ya dawa zake mkononi. Baadhi ya dawa za presha, kwa mfano atenolo, huyazuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo saa inaweza kumwonyesha kwamba yuko salama wakati mwili umeshafika ukingoni. Kwake yeye, kile kipimo cha mazungumzo alichokieleza Kocha ni cha kuaminika zaidi. Dawa nyingine za presha hutoa maji na chumvi mwilini, na kwenye joto la Moshi hilo lina uzito. Asiache wala kupunguza dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Ninawaonya wote wanne kuhusu tabia ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili kuzuia maumivu. Dawa hizo huzibebesha figo mzigo mtu anapopungukiwa maji, na kwa mwenye presha huipandisha. Vilevile msinywe maji kupita kiu kwa kuogopa joto, kwa sababu maji mengi kupita kiasi huishusha chumvi ya damu.

Mkazi wa Tabata aliandika:

Tumekaa na kukubaliana. Mwenzetu anakwenda kliniki Jumatatu. Akizuiwa, tutaulizia kama anaweza kuhamishiwa zile kilomita 5, na mimi nitakimbia naye. Akiruhusiwa, nitapanda pamoja naye kwa mwendo wake, na wale wawili watatusubiri juu. Wa Lushoto amenung'unika kidogo, kisha akauliza asubiri muda gani.

Kocha wa Jioni alijibu:

Dakika kumi, asizidishe, la sivyo misuli itapoa na mteremko utamwadhibu. Zikipita, ashuke, mkutane uwanjani. Chagueni sasa hivi alama ya kukutania hapo, kwa maana siku hiyo uwanja hufurika, na simu mtakuwa mmeziacha kwenye mabegi.