Piramidi ya nyumbani nitaipata wapi?

MamaWawili, Tanga
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu wa darasa la sita ameambiwa keshokutwa apeleke shuleni maumbo ya pande tatu, vitu vya nyumbani hasa, si vya kuchora. Mche mstatili tumepata: boksi la majani ya chai. Mche duara ni kopo la maziwa ya unga, tufe ni chungwa, na koni ni kawa la bibi yake. Tumekwama kwenye piramidi. Nimezunguka jikoni mpaka uvunguni. Msaada jamani.

Mpishi77
Sambusa, dada. Ikijaa nyama inakaribia kabisa.

MamaWawili, Tanga
Asante, ila mwalimu anataka nyuso zilizonyooka, na sambusa inavimba katikati.

BabaNjeri
Dada, sisi tuliosoma Kenya miaka ya 1980 piramidi tulikuwa tunainywa! Maziwa ya Nyayo, ya enzi za Rais Moi, yalikuja kwenye pakiti za pembe tatu. Unang'ata kona, unafyonza. Ile ni piramidi yenye kitako cha pembetatu: nyuso nne, kona nne, kingo sita. Hata jina la Tetra Pak, kampuni ya vifungashio iliyoanzia Uswidi, limetokana na umbo hilo, tetrahedroni.

Na kuitengeneza ni rahisi, maana pakiti ile huanza kama bomba la karatasi. Kata karatasi ngumu ya sentimita 21 kwa 8.7. Ikunje kwa ule upande wa 21 iwe bomba fupi, sentimita moja ya mwisho ipandiane, gundisha. Bana mdomo mmoja uwe bapa, piga selotepu. Mdomo wa pili ubane kwa kukingamisha: kama wa kwanza umelala kushoto-kulia, huu uende mbele-nyuma. Hapo ndipo penye siri. Ukiibana yote upande mmoja utapata bahasha tu.

Vipimo usivibadilishe ovyo. Kila ukingo utatoka sentimita 10, na nyuso zote nne zitalingana.

MamaWawili, Tanga
Kaka, imekubali! Ya kwanza ilitoka bahasha kweli. Ya pili tumetia mchele kidogo kabla ya kufunga ili isipeperuke. Mtoto hataki kulala, anaigeuza mezani, na kila akiilaza upande mwingine juu inabaki ncha moja vile vile.