Mjadala: Asidi za mafuta ni dawa ya homa ya nguruwe, au ni kinga ya chakula tu?

Mleta mada:
Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haina tiba, na mfugaji aliyefukia nguruwe wake wote ndani ya wiki mbili humsikiliza yeyote anayemwahidi dawa. Sasa anaambiwa kwamba asidi za mafuta zipatikanazo kwenye nazi zinaua virusi. Jambo hilo lina ukweli wake, kwani kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na asidi lauriki, mojawapo ya asidi hizo za nazi, hasa ikiwa imeunganishwa na gliserini kuwa monolaurini, huuharibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani, walionyesha pia kuwa asidi hizo hupunguza makali ya virusi katika viambato vya chakula cha nguruwe. Ninachopinga ni neno "dawa". Virusi kupungua ndani ya gunia la mashudu ya soya si sawa na nguruwe kupona, kwa sababu asidi hizi zikishaliwa hufyonzwa, hupelekwa kwenye ini na kutumika kama nishati, ilhali kirusi kimo ndani ya seli za kinga za mnyama.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, kwa nguruwe aliyekwisha kuugua nakubaliana nawe, ila unaipa kinga uzito mdogo. Kirusi cha kuhara kwa nguruwe kilipoingia Marekani mwaka 2013, chakula kilikuwa miongoni mwa njia zilizoshukiwa. Kama mlango huo upo, kwa nini tusiufunge kwa asidi hizi, badala ya formalini, kemikali ya kuua vijidudu inayowadhuru wafanyakazi wa kiwandani?

Mleta mada:
Kwa kiwanda kinachoagiza soya ng'ambo, sina ubishi. Lakini mfugaji wetu mwenye nguruwe watatu huwalisha makombo ya hotelini, ambayo huenda yana vipande vya kitimoto, na mchuuzi anayetafuta nguruwe wa bei ya chini hupita banda hadi banda kwa viatu vile vile. Kirusi hiki hufa kikipata joto la nyuzi 60 kwa dakika 20. Makombo yakichemshwa vizuri huku yakikorogwa, sufuria inamfaa kuliko kiambato cha kununua. Na tafadhali, asitokee mtu wa kumwaga mawese kwenye pumba akidhani ni sawa na mafuta ya nazi: kwenye mchikichi, asidi lauriki imejaa katika mafuta ya mise, yaani ya kokwa, wala si katika mawese, yaani ya nyama ya tunda.