Ushauri wenu wakuu: nataka kuzungusha taa za Krismasi kwenye paa la bati

Mtoto_wa_Marangu

Habari za jioni wakuu. Kama mnavyojua mwezi wa 12 sisi Wachaga tunapanda nyumbani kwenda kuhesabiwa, na mwaka huu nyumba ya mama kule Marangu imeisha, yaani imeisha mpaka rangi na gata, sasa wadogo zangu wameshikilia wazo la kuipamba juu. Wanataka taa zizunguke paa lote mpaka kwenye kofia, ule mgongo wa juu wa paa, alafu pale mbele juu kabisa ikae nyota kubwa ya chuma, na fundi wa kuchomelea wa pale kijijini ashaanza kuiunga. Dada yetu yuko Texas nae anamtuma mtu na boksi zima la taa za huko, nzuri kweli.

Bati ni msauzi geji 28, kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimenyanyuka sana ile staili ya siku hizi. Waya wa TANESCO unatoka nguzoni unaingilia kona ya mbele, upande uleule wanaotaka nyota. Sasa naulizia, taa nazifungaje bila kutoboa bati? Na hili bati haliwezi kushika umeme kweli mvua ikinyesha? Wajukuu watakuwa wamejaa uwani na mama ndo hivyo umri umeenda, sitaki sikukuu ituharibikie. Natanguliza shukrani.

Bonge la Tegeta

Mkuu unajiumiza kichwa bure. Piga misumari ya bati yenye mipira yake, zungusha waya, chomeka, kula ndafu. Mi kwangu nafunga kila mwaka na hakuna aliyekufa, vile vitaa umeme wake mdogo sana hauwezi kuua mtu.

Fundi Fazi Moja

Bonge ndugu yangu hapo umempoteza mwenzio. Kitaa kimoja ni kidogo sawa ila waya unaokipelekea umeme una volti 230 zilezile za kwenye soketi, na mtu hauawi na ukubwa wa taa. Mkondo wa milliampia 30 tu ukipita kifuani unatosha kuleta balaa, na breka ya kawaida ya ampia 6 kwake hiyo ni kama hakuna kitu, haitashtuka hata kidogo, itakuangalia tu.

Mleta uzi nikupe kisa kimoja. Niliitwa nyumba moja, mama mwenye nyumba analalamika kila akianika nguo baada ya mvua anapigwa shoti, na mashine ya kufulia hana. Nimeweka testa kwenye ile kamba ya kuanikia, imewaka. Kamba yenyewe ni binding waya, imefungwa upande mmoja kwenye mti na upande wa pili kwenye papi, ile mbao inayopigiliwa bati, pale bati linapoanzia. Kufuatilia juu nakuta zile taa za mkanda, zile za roli zinazouzwa kwa mita na plagi yake yenye kijiboksi, wamekata urefu wanaotaka, na ncha ya mwisho kile kifuniko cha plastiki kimedondoka, vishaba viko wazi na kimoja kimelalia bati. Bati zima lina umeme, gata ina umeme, kamba ina umeme, na mkutano wa wote ni mama na shuka lake bichi. Jua likiwaka hakuna anaehisi kitu, mvua ikinyesha tu ndo kazi inaanza.

Kwahiyo swali lako la bati kushika umeme, jibu ni ndio tena vizuri sana, na haijali geji.

Cha kufanya kwenye nyumba ya bati, nje usipeleke 230 kabisa. Nunua taa za LED zenye adapta, kama ile ya laptopu, isome imeandikwa inatoa 24V au 31V, wengine 12V. Adapta ibaki ndani ya nyumba, sebuleni au stoo, kinachotoka nje ni ule waya mwembamba wa volti ndogo. Hata ukichubuka kwenye ncha ya bati mtoto akashika gata hatajua. Ulizia Kariakoo au hapo Moshi mjini zipo, bei imezidi kidogo zile za mkanda, lipa tu. Na kwenye boksi tafuta herufi IP, hicho ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji, ikiwa IP20 hiyo ni ya ndani, ya kwenye mti wa sebuleni. Nje anzia IP44, kama itapigwa na mvua moja kwa moja chukua IP65.

Alafu angalia kwenye kibodi chako cha breka kama kuna moja yenye kidude kidogo kimeandikwa T. Hicho kibonyeze, inatakiwa idondoke papo hapo. Isipodondoka au haipo kabisa, hiyo nyumba ya mama bado haijaisha mkuu, mwite fundi aweke RCD ya milliampia 30, ndo hiyo breka inayokata umeme ukivuja, kabla hujawaza taa za Krismasi, na aangalie ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ipo kweli au ni waya umechomekwa ardhini futi moja kuridhisha macho.

Mbongo Minneapolis

Naona watu wote wamepita pale kwenye boksi la Texas kimya kimya. Kaka USICHOMEKE hizo taa!! Huku Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120 na taa zao zimepangwa kwa hesabu hiyo. Zile za zamani za vibalbu vidogo ni balbu 50 zimeungwa mfululizo kila moja inakula volti 2 na nusu, sasa ukiziletea 230 kila balbu inapata karibu mara mbili, zinamulika kama kamera alafu giza, na waya unaweza kuyeyuka. Za LED nyingi nazo yaleyale. Ile adapta ya kubadilisha plagi, ya kutoka miguu bapa kwenda miguu mitatu, inabadilisha umbo tu, volti haigusi.

Angalia lebo ile ndogo iliyo karibu na plagi. Kama imeandikwa 120V pekee basi ni mpaka upate stepu dauni, ile transfoma ya kushusha volti, na hata hapo mi ningezitumia ndani sio kwenye bati. Kama zina adapta na adapta imeandikwa 100-240V, una bahati, hizo zinafanya kazi popote. Mpigie dada akutumie picha ya lebo leo kabla boksi halijapanda ndege.

Kingine, huku wanatumia vile vibanio vya plastiki vya kubana kwenye gata, kilo ya vibanio ni hela ndogo, mwambie atupie humo kwenye boksi. Hivyo ndo zawadi ya maana, havina volti.

Mama Kelvin

Mimi niko Kitengela, nyumba ya mabati pia. Nilichoka na stima kupotea kila Disemba nikanunua za sola, ile kipaneli kidogo unaidunga kwa mchanga ama unaifunga kwa fensi, inajiwasha yenyewe giza likiingia. Watoto wanazishika wanavyotaka na mimi nalala. Shida yake ukiweka hiyo paneli chini ya mti inazima saa tatu usiku, na siku ya mawingu inamulika kama mtu anaomba msamaha. Huko Marangu si mmezungukwa na migomba? Tafuta mahali jua linapiga kutoka asubuhi, waya wake kwa kawaida hauko mrefu kwa hivyo pima kwanza.

Bonge la Tegeta

Haya fundi nimekusikia. Lakini taa za adapta hazing'ai kama zile, tuseme ukweli.

Fundi Fazi Moja

Zinang'aa vizuri tu Bonge, we umezoea kuonekana kutoka Bunju.

Mtoto_wa_Marangu

Mnanipa shule wakuu. Dada ashatuma picha, imeandikwa 120V peke yake, zitabaki kabatini. Sasa nibaki na suala la kupanda. Bati linateleza, fundi aliyeezeka mwenyewe alikuwa anatambaa. Na ile nyota?

Kenchi na Papi

Mi ni fundi paa nikujibu hapo. Usipande kabisa. Msauzi yenye rangi kwa kenchi iliyonyanyuka hata sisi hatutembei bila kamba, na huko kwenu asubuhi ina umande mpaka saa tatu nne. Mtu akisema atavua viatu apande pekupeku mwambie ashuke hata kabla hajaanza. Tena ukikanyaga katikati ya karatasi, mbali na papi, unaacha bonde, na hilo bonde litakaa maji kila masika.

Uzuri ni kwamba mtu akiwa barabarani usiku anaona mstari wa chini wa paa, huko kwenye kofia wala haangalii. Kwahiyo fuata fisha bodi, ule ubao wa ukingoni chini ya paa. Wakati uko kwenye ngazi piga vindoano vidogo vya kuskurubu kwenye mbao ya fisha, kila baada ya futi moja na nusu hivi, skurubu iingie kwenye mbao na sio kwenye bati, alafu taa unazitundika tu. Mwakani vindoano vipo, kazi ni nusu saa. Ukiona fisha yako ni ya plastiki tumia vibanio vya gata alivyosema jamaa wa Minneapolis. Binding waya usitumie hata ya kuokoteza, inakata ganda la waya taratibu huku taa zinachezeshwa na upepo. Tumia zile tai za plastiki na usizikaze mpaka zilie.

Sasa ngazi. Pale nako watu wanaumia, sio kwenye umeme tu. Ngazi ikiegemea urefu wa futi 12 mguu wake ukae futi 3 kutoka ukutani, yaani robo. Ikizidi wima unaanguka kinyumenyume, ikilala sana miguu inateleza. Udongo wa kwenu ukinyesha ni utelezi mtupu, weka ubao mpana chini na mtu ashike, mtu mzima, sio mpwa wako anaeangalia simu. Usijinyooshe kufikia taa ya mwisho, shuka usogeze ngazi hata kama unaona uvivu. Na ile ngazi ya mirunda iliyobaki saitini ya misumari imepinda ipikieni mbege.

Upande wa kona ya waya wa TANESCO usipambe. Acha mita 3 kila upande, anza baada ya hapo, usiku hakuna atakaejua kwamba kuna pengo. Hata kama ule waya una ganda usiuamini, viungio vyake pale unapoingilia nyumba ndo vibaya, na ngazi ya aluminiamu ukiinyanyua wima mbele yake unacheza na kifo bila kujua.

Fundi Fazi Moja

Naunga mkono hapo kwenye waya, na ndo maana nyota isikae kule mbele juu kabisa. Chuma kirefu mikononi, mtu yuko juu ya ngazi, waya uko pembeni, hapana. Nyota ichomelewe kwenye bomba isimame bustanini imechimbiwa na zege, na uchague sehemu ambayo hata upepo ukiiangusha haitafika kwenye waya. Bomba la mita 4 basi lisimame mita 5 au 6 kutoka chini ya waya. Na iviringishwe taa zilezile za volti ndogo maana ni chuma, watoto wataikumbatia tu.

Mtoto_wa_Marangu

Hii ya bustanini mama ataipenda zaidi maana ataiona akiwa barazani. Fundi, LUKU itakula kiasi gani? Na tuache ziwake usiku kucha?

Fundi Fazi Moja

LED zote za fisha ukijumlisha tuseme zimefika wati 60, ukiwasha masaa 6 kwa siku 30 ni unit kama 11 hivi. Weka taima ya kwenye soketi izime saa sita usiku, sio kwa ajili ya LUKU tu, mkiwa mmelala hakuna anaeangalia. Na pale waya wa adapta unapopita dirishani uache ushuke chini kidogo nje, utengeneze tumbo, ndo upande kuingia ndani, maji ya mvua yadondokee pale kwenye tumbo yasifuate waya mpaka kwenye adapta. Kiungio chochote cha nje kikae chini ya uvungu wa paa, na usikifunge na mfuko wa rambo maana unakusanya maji badala ya kuyazuia. Radi zikianza chomoa plagi kabisa, swichi peke yake haitoshi.

Mama Kelvin

Na mzitoe Januari. Jirani yangu zake ziko juu tangu zamani, jua limezichoma plastiki inapasukapasuka, sasa ati anasema ni za Pasaka.

Bonge la Tegeta

Fundi nimebonyeza kile kidude cha T hapa kwangu. Breka haijadondoka. Njoo PM tuongee.